Chambo gani kinafaa kwa stajeni ukiwa kwenye kayaki? (Mto Snake, Idaho)

Mtoto_wa_Ujiji

Habari zenu wakuu, naombeni mawazo. Nipo Boise, Idaho, nimekulia Ujiji pale Kigoma, uvuvi nimeuona tangu nikiwa mdogo ila ni wa dagaa na migebuka, usiku, taa zinawaka na samaki anafuata mwanga. Sasa huku kuna huyu stajeni mweupe wa Mto Snake, wanasema ndo samaki mkubwa kuliko wote wa maji baridi Amerika ya Kaskazini na anaweza kuishi miaka zaidi ya 100, nimemuona mmoja jamaa kamleta pembeni ya boti nikakosa usingizi kabisa. Nina kayaki ile ya kukalia juu, rodi ngumu, rili kubwa na mshipi wa kusuka wa pauni 80. Kinachonichanganya ni chambo. Dukani mmoja kaniambia ngisi, mwingine heringi, mwingine nyungunyungu, wa nne kasema weka chochote kinachonuka. Nitaenda kati ya bwawa la C.J. Strike na Swan Falls. Alafu swali lingine, kwenye duka la Waafrika hapa wanauza dagaa wakavu, je wanafaa au napoteza muda?

Mzee_wa_Nanga

Karibu sana mdogo wangu, na umefanya vizuri kuuliza kabla hujaingia majini.

Kule kwetu migebuka anawinda kwa macho, ndo maana taa inafanya kazi. Stajeni yeye macho yake madogo na anaishi chini kwenye giza, anatafuta chakula kwa kunusa na kupapasa. Ana sharubu nne mbele ya mdomo, mdomo wenyewe uko upande wa chini wa kichwa na hauna meno, sharubu zikigusa kitu anachokitaka basi mdomo unachomoza kama bomba anafyonza. Kwahiyo yule aliyekwambia chochote kinachonuka amesema nusu tu. Harufu inamleta, lakini chambo lazima kiwe bado kipo kwenye ndoano akifika, na anaweza kuchukua nusu saa kukufikia kufuata mkondo.

Hapo ndo kayaki inabadilisha hesabu. Mwenye boti anasimama, ana meza ya kukatia, akitaka anabadilisha chambo kila dakika kumi. Wewe umekaa, miguu imenyooka, maji yanakusukuma, kila ukivuta mshipi unakuwa umeinama kwenye ndoano kubwa na mikono ina utelezi wa mafuta ya samaki. Unataka chambo kigumu ambacho ukishakishusha unakiacha.

Mimi natumia heringi ndani ya ngisi. Unachukua ngisi mzima unamtoa kichwa ubaki na ule mfuko wake, heringi unamkata kichwa na mkia, unamchana ubavuni mara mbili tatu mafuta yaanze kutoka, unamtumbukiza kwenye mfuko wa ngisi, ndoano unapitisha sehemu ya juu tu na ncha yote ibaki nje, alafu unazungushia uzi wa mpira ule mwembamba wa kufungia chambo mpaka kikaze. Ngisi ndo mshikaji, heringi ndo harufu. Samaki wadogo wanaodonoa donoa hawawezi kukimaliza haraka. Nafunga vya kutosha nyumbani jioni, naviweka kwenye kibokisi cha barafu, nikifika mtoni sina kazi ya kisu kabisa.

Ncha kubaki nje ni muhimu mno usipuuze. Idaho stajeni wote wanaachiwa, na sheria inataka ndoano isiyo na kijino, chubwi ikae kwenye kifaa kinachoteleza na ifungwe kwa uzi dhaifu kuliko mshipi mkuu ili ikinasa kwenye mawe ikatike yenyewe, na samaki usimtoe nje ya maji. Tumia ndoano ya duara, ile inashika pembeni ya mdomo, ila ukiifunika na nyama nzito haishiki vizuri na samaki anaweza kuimeza. Tena ukiona rodi inagongwa usivute kwa nguvu, acha iiname yenyewe mpaka ijikunje, ndo uanze.

Dagaa wakavu achana nao kwenye ndoano. Jua limeshawakausha, wakiloa wanamegeka na mkondo unawabeba. Wapeleke jikoni na nyanya na kitunguu.

DadaWaWillamette

Shikamoo mzee, nakubaliana na wewe kwenye ngisi ila naongeza kitu, maana watu wanauliza "chambo gani bora" kana kwamba mito yote ni mmoja. Mimi nipo Portland, navua Willamette na Columbia ya chini, huku samaki anakula kinachopita kwa msimu. Baridi ikiwa kali watu wanaweka simelti, vile visamaki vidogo vinavyopanda mto kutoka baharini kuelekea mwisho wa baridi. Mwezi wa tano na wa sita wanapanda shadi, samaki wengine wa kutoka baharini, kwa wingi sana na chambo cha kipande cha shadi mbichi hakina mpinzani. Karibu na mdomo wa mto kamba wa mchangani na anchovi. Anayeweka shadi mwezi wa kwanza hata akimpata samaki ni bahati tu.

Sasa kaka yangu wa Ujiji, wewe uko juu ya mabwawa ya Hells Canyon, na pale samaki wa baharini hawapiti, samoni hafiki huko tena. Stajeni wa kwako amefungiwa kati ya bwawa na bwawa maisha yake yote, anakula kamba wa mtoni wale wenye magando, konokono na kome, na samaki waliokufa. Ningekuwa wewe ngisi na heringi ningebeba ndio, ila ningejaribu pia kamba wa mtoni aliyekamatwa palepale. Nasema palepale kwa sababu usimhamishe kiumbe kutoka maji haya kwenda maji mengine. Huko kwenu kome wabaya wa kwagga walionekana Mto Snake karibu na Twin Falls mwaka 2023, ni balaa kwa mto mzima. Kayaki ikaushe kabisa kabla ya kwenda mto mwingine na ile stika ya Idaho ya kuzuia viumbe vamizi uwe nayo.

Na maji yakiwa ya baridi sana punguza ukubwa wa chambo. Samaki anakuwa mzito, hana njaa ya mlo mkubwa. Nyungunyungu watano sita kwenye ndoano moja wanatosha na wanachezacheza vizuri, ubaya wao tu ni laini, kila samaki mdogo anapita nao.

Kijana_wa_Shela

Salaam wote. Mie niko British Columbia, Mto Fraser pande za Chilliwack, huku nako toka 1994 ni kuvua na kuachia tu. Kwetu ikifika vuli hakuna cha kushindana na mayai ya samoni, maana samoni wanakuja kutaga na mto wote unanuka mayai. Yanafungwa kwenye kipande cha soksi laini za kike za nailoni, donge la saizi ya limau, uzi wa mpira juu, ndoano inapita kwenye kitambaa. Nimeona hayo yamesaidia sana kwenye kayaki kwa sababu ni vidonge vimeshakaa tayari, unachukua kimoja unatoboa umemaliza.

Lakini nataka kusema la usalama ndugu, chambo bila hili si kitu. Nanga isifungwe ubavuni mwa kayaki hata dakika moja, mkondo utakupindua. Iwe mbele au nyuma, kwa kamba ya kuteleza, na mwisho wake uwe na boya na pini ya kuchomoa haraka. Stajeni mkubwa akishika unaachia nanga inabaki na boya lake, wewe unamfuata samaki akuvute atakavyo. Jaketi la kuokolea unalivaa, si la kuweka nyuma ya kiti. Kisu kiwe kifuani.

Mtoto_wa_Ujiji

Aisee asanteni sana, nimeelewa kuliko nilivyotegemea. Maswali mawili ya mwisho. Ngisi wa kugandishwa wa supamaketi anafaa, wale weupe waliosafishwa? Na haya mafuta ya harufu yanayouzwa kwenye chupa ndogo ninunue?

Mzee_wa_Nanga

Wale waliosafishwa wameshatolewa ngozi na wino, harufu kidogo sana. Nunua ngisi mzima na ngozi yake ya zambarau, maduka ya Waasia wanao wa kugandishwa kwa bei nzuri. Myeyushe taratibu kwenye friji usiku mzima, usimweke kwenye maji ya moto atalainika na kuchanika.

Mafuta ya chupa mimi sinunui. Hela hiyo weka kwenye heringi mpya, na heringi akishabadilika rangi na kuwa laini tupa. Watu wanadhani anapenda kilichooza, wakati chambo kibichi chenye damu na mafuta ndo nimeona kinaguswa zaidi. Ila mikono yako nawa, hasa kama umepaka losheni ya jua au umeshika petroli ya gari asubuhi ile.

Anza na chubwi ya aunsi 6, kama inaburuzika ongeza. Shusha kwenye shimo refu pale mkondo mkali unapopakana na maji yaliyotulia, chakula kinajikusanya hapo. Saa moja hakuna kitu, hamia shimo jingine, na chambo badilisha ukihama.