Kiingereza kidato cha kwanza, wiki ya kwanza: naanzia wapi?

Madam Ajira Mpya (Tandahimba)

Wakuu, habari za mwaka mpya. Walimu wa Kusini naomba mnisaidie, na wasio walimu mkiwa na la kusema semeni tu.

Nimepangiwa sekondari ya kata huku Tandahimba. Niliripoti Novemba, akili za watu wote ziko kwenye minada ya korosho, hata mwenye nyumba wangu alinikabidhi funguo akakimbilia ghalani. Kwetu ni Tukuyu. Maji ya kununua kwa ndoo nimeshayazoea, vumbi nimelizoea, sasa nimekutana na kitu ambacho chuoni hawakuniambia.

Mkuu wa shule kanipa Kiingereza kidato cha kwanza, mikondo yote miwili. Kwenye orodha wako 143. Leo siku ya nne wamefika 52. Wengine sare haijapatikana, wengine mvua imeanza wako shambani, wengine wanazunguka na wazazi kutafuta geto karibu na shule maana nyumbani ni mbali. Kila asubuhi sura mpya, kila asubuhi najitambulisha upya.

Siku ya kwanza naingia, wakasimama: "Good morning, madam!" Bati nusura ling'oke. "How are you?" "We are fine, thank you, and how are you, madam?" Nikasema kumbe afadhali. Nikamuuliza wa mbele, "Where do you live?" Akajibu, "Fine, thank you." Nikahamia kwa jirani yake, akainamia dawati. Wa tatu, kabinti kadogo hivi, akaanza kulia. Sijamgombeza, sijamgusa, nimemuuliza tu anaishi wapi. Nikageukia ubao nikaandika mada ya kwanza ya silabasi. Si kwamba nilikuwa tayari, nilitaka tu wasinione usoni.

Sasa: nianze silabasi au nisubiri wafike wote? Kiswahili darasani niruhusu au nikaze? Mwenzangu ofisini ananishauri nirudishe kibao: anayekamatwa anaongea Kiswahili anakivaa shingoni mpaka amkamate mwingine. Na yule mtoto aliyelia nimfanyeje?

Mzee wa Shangani (Mtwara mjini)

Madam karibu nyumbani. Kibao rudisha. Sisi tulivaa, na leo akija mgeni ofisini hatujifichi chooni. Watoto wa siku hizi mnawadekeza. Halafu tafuta ming'oko uile, utasahau ndizi za Tukuyu.

Bibi Chaki (Masasi)

Mwanangu, karibu Kusini. Nina miaka 22 na chaki, Masasi, nikapelekwa Nanyumbu, nikarudi Masasi. Nakujibu kirefu kwa sababu leo ni Jumamosi na mvua imenifungia ndani.

Naanza na kibao, na Mzee wa Shangani utanisamehe kaka yangu. Na mimi nilikivaa. Nyumbani mama alikuwa ananiita cherehani kwa kuongea. Wiki ya pili shuleni nikagundua kwamba asiyefungua mdomo havai kibao. Wote tuligundua. Tukawa tunakaa kimya mpaka kengele ya kwenda nyumbani, tukifika kwenye miembe nje ya uzio ndipo Kiswahili na Kimakonde vinamwagika kama mtama uliotobokewa na gunia. Mwalimu wetu alijisifu kwamba shule yake haina Kiswahili. Kweli haikuwa nacho. Na Kiingereza nacho hakikuwepo.

Huyo binti aliyelia usimuulize tena mbele za watu. Mtafute wakati wa mapumziko, muulize kwa Kiswahili anakaa na nani. Usishangae ukisikia ana miaka 14, yuko geto na mwenzake wa kidato cha pili, jana walikula mara moja, na usiku wa kwanza hakulala. Wewe umemuuliza "Where do you live?", yeye swali hilo ndilo linalomuuma, hata ungemuuliza kwa lugha gani. Inawezekana pia hakuelewa tu akaogopa fimbo. Utajua ukiongea naye.

Silabasi. Usisubiri. Ukisubiri 143 utaanza Machi. Lakini usianze na nyakati wala vitenzi visaidizi, kwa sababu anayekuja Jumatatu ijayo atakuta mmefika katikati ya kitu asichokijua mwanzo wake. Kwa wiki mbili hizi kila kipindi kiwe kinaanza na kuisha chenyewe ndani ya dakika 40, mtu akija leo asiwe amepoteza cha jana. Azimio la kazi liandike vizuri, mtaaluma ataliomba, ila humo ndani weka hizi wiki mbili kama maandalizi. Hakuna aliyewahi kunigombeza kwa hilo.

Ufundishe nini sasa? Hapa nitakuambia kitu ambacho mimi mtoto wa Masasi sikuwahi kuwa nacho na wewe unacho. Wewe huijui korosho. Unajua chai na ndizi. Hao watoto 52 wamezaliwa chini ya mikorosho, wanajua lini inapigwa salfa, bibo linadondoka vipi, korosho inatenganishwaje na bibo, inaanikwa siku ngapi, daraja la kwanza likoje, chama cha msingi mizani iko wapi. Tia korosho ghafi kumi mfukoni, ingia darasani, ziweke mezani, waambie: mimi natoka Mbeya, sijui chochote, nifundisheni. Andika ubaoni vitenzi sita tu: pick, remove, dry, sort, weigh, sell. Mengine wayaombe kwako kwa Kiswahili, wewe uwape. Mtoto anapomweleza mwalimu kitu ambacho mwalimu kweli hakijui, anasahau kuogopa. Mimi wakinieleza korosho wanajua ninajifanya, baba yangu ana ekari nane na wao wanazifahamu.

Watasema "We put cashew in sun day five." Acha. Siku tatu za mwanzo usisahihishe kitu, jibu tu kama mtu aliyeelewa: "Five days? Not three?" Sikio litachukua lenyewe. Kitu kimoja pekee ndicho nisingekiacha, nacho ni kuchekana. Anayecheka ndiye anayesimama kuendelea na sentensi pale mwenzake alipoishia. Baada ya mara mbili hawacheki.

Wiki ya pili utaanza kusikia "My mother, he is a farmer." Wala usikasirike. Kiswahili chetu "yeye" ni wa kike na wa kiume, Kimakonde hivyohivyo. Kumbuka Kiingereza kwao ni lugha ya tatu, na darasani wamekianza darasa la tatu, vipindi vichache kwa wiki, masomo mengine yote kwa Kiswahili. Halafu Januari moja tu ghafla karibu kila kitabu kimegeuka.

Na hili ndilo lililonichukua miaka tisa kulielewa. Nilikuwa nadhani kazi yangu ni kufaulisha somo langu. Siku moja nasimamia jaribio la Baiolojia kidato cha pili, kijana mmoja mchoraji hodari, kaacha wazi swali la kazi mbili za mzizi. Baada ya kukusanya nikamuuliza kwa Kiswahili, akanitajia tatu. Kwa nini hukuandika? Akasema, "Madam, limeanza na State, nikajua linahusu Marekani." Nilicheka palepale, na usiku sikulala vizuri.

Tangu hapo kila Januari nazunguka ofisini na daftari, namwomba kila mwalimu maneno kumi atakayoyatumia mwezi wa kwanza. Ya maswali yanafanana kwa wote: state, list, mention, define, explain, draw, label, differentiate. Naandika kwenye manila, natundika ukutani, kila siku tunafanya mawili kwa vitendo. "List three things on this desk." "Draw a tree and label it." Hujagusa sarufi, lakini mwenzako wa Jiografia atakushukuru.

Jambo dogo la mwisho: andaa kazi ya kimya kwa ajili ya mvua. Bati likianza kupigwa kipindi cha kuongea kimekufa, utapasuka koo bure.

Ticha Baio (Lindi vijijini)

Bibi Chaki shikamoo. Hiyo ya State nimeisoma mara mbili, imenichoma. Niseme ukweli hapa kwa sababu hamnijui sura: sisi wa sayansi wengi tunafundisha kwa Kiswahili, tunaandika notisi kwa Kiingereza, tunatunga mtihani kwa Kiingereza, halafu tunamlaumu mwalimu wa Kiingereza. Madam, ukiniomba maneno kumi nitakupa kumi, ila ukimwomba mwalimu wakati wa chai hakupi. Mfuate asubuhi kabla ya paredi.

Mzee wa Shangani (Mtwara mjini)

Bibi Chaki nimekusikia dada. Ila mimi kibao kilinisaidia. Labda nilikuwa mkaidi tu.

Bibi Chaki (Masasi)

Ulikuwa mkaidi, kaka.

Madam Ajira Mpya (Tandahimba)

Nimerudi, wiki tatu baadaye. Wamefika 119.

Korosho nilipeleka. Nikaziweka mezani kama ulivyosema mama, nikachukua moja nikaipeleka mdomoni niipasue kwa meno, mimi nilikuwa najua za kukaanga za kwenye vifuko. Darasa zima likaruka. "No, madam! No!" Kijana wa dirishani akapiga kelele, "It burn! It burn mouth!" Kumbe ganda la korosho ghafi lina mafuta yanayobabua midomo. Nikauliza, "Who burned his mouth?" Mikono kama ishirini juu, na mmoja akaja mbele kunionyesha kovu, akaanza kueleza alikuwa na umri gani na bibi yake alimpaka nini. Nusu Kiingereza, nusu mikono. Kipindi kikaisha tukiwa bado kwenye midomo, vitenzi sita sikuvifikia.

Cha pili kilikuwa kizuri zaidi. Mtoto mmoja akauliza kangomba kwa Kiingereza ni nini. Wakacheka wote wakaangaliana. Sikujua hata kwa Kiswahili, ikabidi wanieleze wao. Tukaishia na "a man who buys cashew at night with a small price." Nimeiacha hivyohivyo ukutani.

Yule binti nilimtafuta. Hayuko geto, anakaa kwa shangazi, anatembea saa nzima na nusu, siku ile alikuwa amechelewa na aliona nimemsimamisha kwa sababu hiyo. Mbele za watu bado haongei. Ila juzi kwenye kazi ya kimya (mvua, mama, kama ulivyosema, nilikuwa nayo tayari) aliandika mistari mitatu, na mmoja ulikuwa: "I know the way in dark."

Maneno kumi nimepata kwa wote isipokuwa mmoja, kila nikimfuata ana simu sikioni. Kibao hakijarudi, lakini hakijafa. Mwenzangu amelipeleka suala kwenye kikao.

Swali langu lililobaki ni madaftari. 119 mara moja kwa wiki, nasahihisha mpaka betri ya taa inaisha, na wakirudishiwa hawaangalii nilichoandika, wanaangalia vema ziko ngapi.

Bibi Chaki (Masasi)

Husahihishi 119, mwanangu, nani kakuambia? Kila siku kusanya ya safu moja tu. Humo chagua kosa moja lililojirudia, liandike ubaoni kesho yake bila jina la mtu, warekebishe wao kwenye madaftari yao, wewe unapita na kalamu nyekundu kuangalia hilo moja. Baada ya wiki mbili umeona ya wote na bado una macho.

Mstari wa huyo binti mwombe ruhusa uutundike. Usimsahihishe.