Unga wa majani kwenye chakula cha kuku wa nyama: nyongeza au mbadala wa soya?

Mleta mada: Wapo wanaosema unga wa mlonge, mlusina (mti wa malisho) au kisamvu uchukue nafasi ya mashudu ya soya. Nakataa. Katika kilo 100 za chakula, toa kilo 10 za mashudu yenye protini asilimia 45, weka kilo 10 za mlonge wenye 26. Umepoteza karibu kilo 2 za protini: chakula cha asilimia 21 kimeshuka hadi 19. Nyuzinyuzi nazo zimepanda, na kuku hana tumbo la ng'ombe. Anashiba kabla hajapata nishati ya kujenga nyama.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, anayejua kuchanganya habadilishi kilo kwa kilo. Anaanza na asilimia 2 au 3, hazidi 5, tena baada ya siku 21, vifaranga wakishakomaa utumbo. Pengo analiziba kwa mafuta kidogo, lisini na methionini, yaani viini vya protini. Na usisahau rangi: mahindi meupe hayana umanjano, majani yanao, na unaonekana kwenye ngozi na miguu ya kuku.

Mchangiaji wa pili: Wote mnaruka ukaushaji, na hapo ndipo wengi wanapoharibu. Pukuchua majani, vikonyo vitupwe, maana ni nyuzi tupu. Tandaza kivulini, tabaka jembamba, geuza mara kadhaa kwa siku. Jua kali linaua karotini, rangi ya manjano iliyomo kwenye majani. Kilo 4 hadi 5 mbichi hutoa kilo 1 kavu. Fikicha jani kiganjani: likivunjika vipande vipande, saga, likijikunja kama kitambaa, bado lina maji. Ukilisaga hivyo, ndani ya gunia litapata joto, liote ukungu, na sumukuvu itawaumiza kuku kuliko njaa.

Kuchanganya pia: kilo 2 za unga wa majani zichanganye kwanza na kilo 10 za mahindi yaliyoparazwa, kisha mimina kwenye rundo lote. Vinginevyo vumbi la kijani linabaki chini ya chombo na kuku hawaligusi.

Mleta mada: Nakubali kwa mlonge. Mlusina je? Una mimosini, sumu ya asili inayodumaza kuku. Kisamvu kina sumu ya sianidi: kikatekate, kiache kinyauke, ndipo kikauke. Hata mabaki kidogo mwili huyaondoa kwa kutumia salfa ya methionini, ambayo majani hayo hayo yana uhaba nayo. Unamnyang'anya kuku mara mbili.

Mchangiaji wa kwanza: Ndiyo maana kipimo kiwe mizani. Gawa vifaranga wa kundi moja vyumba viwili, kimoja bila majani, kingine asilimia 3. Pima uzito na chakula kila wiki, gawanya kilo za chakula kwa kilo walizoongezeka. Chumba cha majani kikila zaidi kwa kila kilo ya nyama, punguza.

Mchangiaji wa pili: Na wanaodai majani yanaondoa haja ya antibaiotiki: Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku antibaiotiki za kukuzia mifugo mwaka 2006, lakini hilo halifanyi majani kuwa dawa: hayakaushi maranda ya bandani yaliyolowa. Koksidia, vimelea vya kuhara damu, hustawi humo humo, hata chakula kiwe kijani namna gani.