MREJESHO: Nukta za kaboni kutoka maganda ya machungwa, seli sasa zinaonekana

Wadau, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kwa nini nukta zangu za kaboni (chembe ndogo mno za kaboni zinazong'aa zikimulikwa), zilizopikwa kwa maganda ya machungwa na maji kwenye chombo cha shinikizo, nyuzi 180, zinang'aa buluu safi chini ya taa ya urujuanimno lakini ndani ya seli hai picha inakuwa ukungu mtupu.

Aliyesema nipige picha kwanza seli zisizowekewa chochote, Mungu akubariki. Nazo ziling'aa buluu! Ni mwanga wa seli zenyewe, hasa NADH, molekuli ya asili inayohusika na nishati ya seli. Nikaacha urujuanimno, nikahamia kuzimulika kwa mwanga wa buluu wa nanomita 488 kama mlivyoshauri: seli tupu zikabaki karibu giza, zenye nukta zikatoa kijani kwenye saitoplazimu, kiini kikabaki kama shimo jeusi katikati. Nilifurahi mno.

Dayalisisi pia nilifanya (kusafisha nukta ndani ya mfuko wa utando unaopitisha molekuli ndogo tu kwenda maji ya nje), nikibadilisha maji mara kwa mara. Mng'ao ulipungua sana, na maji ya nje ndiyo yakawa yanang'aa. Kumbe sehemu kubwa ya mwanga ilitoka kwenye molekuli ndogo, si nukta. Usiruke hatua hii, hata kama inauma kuona mng'ao unapotea.

Kuongeza urea kabla ya kupika kumerudisha mng'ao kiasi. Rangi nyekundu sijaipata, na kila mpiko bado unatoka na nguvu yake tofauti.

Asanteni sana, nyote mliojitolea muda wenu.