Naomba ushauri: mchango wa pamoja wa wafanyakazi na wanafunzi, bila mtu kulazimishwa

Mratibu Mgeni: Ndugu zangu, heshima kwenu nyote. Ofisi ninayofanyia kazi imeniteua kuratibu mchango wa pamoja na shule ya sekondari jirani, kwa ajili ya kituo cha watoto wenye ulemavu kinachohitaji viti mwendo. Kituo ninakifahamu, nimekitembelea mara mbili na kuwakuta watoto wawili wakisubiriana kutumia kiti kimoja. Kinachoninyima usingizi ni njia iliyochaguliwa. Mkuu wangu anapendekeza kila mfanyakazi akatwe kiasi sawa kwenye mshahara wa mwezi ujao, na asiyetaka aandike barua ya kukataa. Shule nayo inataka madarasa yashindane, na majina ya waliochanga yabandikwe kwenye ubao wa matangazo. Nilipokuwa mwanafunzi, jina langu halikuwahi kuonekana kwenye orodha za namna hiyo, na ninakumbuka jinsi nilivyokuwa nikizunguka nyuma ya madarasa ili nisipite mbele ya ubao ule. Nifanyeje ili viti vipatikane bila kumuumiza mtu, na nimweleze vipi mkuu wangu asidhani kwamba ninapinga jambo jema?

Afisa Utumishi: Ndugu Mratibu, anza na suala la mshahara, kwa sababu hapo hoja yako ina nguvu ya kisheria. Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unaelekeza kwamba makato ya mshahara yaruhusiwe tu kwa masharti na kiwango kilichowekwa na sheria za nchi, makubaliano ya pamoja au uamuzi wa usuluhishi. Soma sheria ya kazi ya mahali ulipo, kisha mwendee mkuu wako na fomu mkononi badala ya malalamiko. Fomu hiyo ijazwe na anayetaka kuchangia peke yake, aandike kiasi anachokitaka na muda wa makato, na ieleze kwamba anaweza kusitisha wakati wowote. Barua ya kukataa ni shinikizo, maana ni wachache watakaothubutu kuiandika kwa mtu anayewapandisha vyeo. Fomu zipokelewe na mhasibu wa mishahara, wala wakuu wa idara wasipelekewe orodha.

Mwalimu wa Malezi: Nimesimamia michango ya wanafunzi kwa miaka mingi, na ninakusihi usikubali ubao ule. Mashindano ya madarasa hupima mifuko ya wazazi, na mtoto ambaye kwao hakuna kitu huishia kulaumiwa na wenzake kwamba ameliangusha darasa. Mfano mzuri ni mbio za kumbukumbu ya Terry Fox, kijana wa Kanada aliyekatwa mguu kwa sababu ya saratani, ambaye mwaka 1980 alianza kukimbia kuvuka nchi yake akichangisha fedha za utafiti wa ugonjwa huo. Mbio hizo zimefanyika kila mwaka tangu 1981 na shule nyingi hushiriki, lakini hazina mshindi, wala hakuna kiwango cha chini cha kuchangia. Waachie wanafunzi kazi wanayoiweza wote: kuandaa tamasha, kuchora mabango, kutunza kumbukumbu za mapato. Sanduku la michango liwe limefungwa, na kinachotangazwa kiwe jumla ya shule nzima. Msiwatume kuchangisha mitaani bila mtu mzima na bila ridhaa ya wazazi.

Mtunza Hazina: Kwa upande wa fedha: sanduku lifunguliwe na watu wawili wasio wa familia moja, wahesabu pamoja na kutia saini papo hapo, kisha fedha zipelekwe benki zikiwa kamili, bila kutoa nauli wala gharama nyingine humo. Amueni kabla ya kuanza, na mtangaze, ziada au pungufu itatumikaje.

Mama wa Kituo: Mwanangu, wenzangu wamesema vizuri, lakini hakuna aliyeuliza kuhusu viti vyenyewe. Kiti mwendo hakinunuliwi kwa kukadiria kama dawati. Mtoto hupimwa upana wa nyonga, urefu wa paja na jinsi anavyoweza kujishikilia akiwa ameketi, kwa sababu kiti kisichomfaa humsababishia vidonda vya mgandamizo na kinaweza kuuzidisha ulemavu wa mgongo. Tuliwahi kuletewa viti vya watu wazima kwa shangwe na picha nyingi, vimebaki stoo. Kaeni kwanza na uongozi wa kituo pamoja na mtaalamu wa viungo, mjue ni watoto wangapi na vipimo vyao, na mtenge fungu la matengenezo, kwa kuwa matairi huchakaa na mtoto hukua. Siku ya kukabidhi, msiwapige watoto picha bila idhini ya walezi wao, na wale wanaoelewa waulizwe wenyewe.

Mratibu Mgeni: Nawashukuru sana, na hasa wewe Mama, kwa maana nilikuwa nimekwisha kuomba bei ya viti vyenye kipimo kimoja. Nimesitisha ombi hilo leo. Kesho asubuhi ninakwenda kituoni kuomba siku ya upimaji, kisha nitampelekea mkuu wangu fomu ya hiari ikiwa imeambatanishwa na idadi halisi ya watoto, na mchana nitazungumza na mwalimu mkuu kuhusu ubao.