"Nenda nyumbani, tutakupigia": kauli inayowanyang'anya abiria haki ya mizigo yao

Wakuu, kauli hii ikome. Mkanda wa mizigo umesimama, ukumbi umebaki mtupu, begi halijatokea, na mhudumu anaandika namba ya simu ya abiria kwenye kipande cha karatasi kisha anamwambia aende zake. Huo si utaratibu. Abiria akishatoka nje bila hati, kazi ya kuthibitisha kwamba mzigo ulipotelea mikononi mwa shirika la ndege inamwangukia yeye, na wahudumu wa shirika wanalijua hilo.

Kinachotakiwa ni ripoti ya PIR (Property Irregularity Report, yaani ripoti rasmi ya mzigo uliopotea au kuharibika), ijazwe papo hapo, kabla ya kupita forodha. Ikiingizwa kwenye mfumo inatoa namba ya rejea: herufi tatu za kiwanja cha ndege, mbili za shirika, halafu tarakimu tano. Karatasi isiyo na namba hiyo haina maana, kwa sababu viwanja vingine havijui kama kuna mzigo unatafutwa. WorldTracer, mfumo wa kompyuta wa kutafuta mizigo, hulinganisha mabegi yaliyopotea na yaliyookotwa duniani kote hadi siku 100, kwa namba ya lebo, rangi, aina ya begi na vilivyomo. Sasa mtu akiandikiwa "begi jeusi" tu, litapatikanaje? Taja chapa, idadi ya magurudumu, utepe uliofungwa, na kitu cha ndani kisichofanana na cha wengine: kitenge cha njano, kopo la samli.

Wakisema hawajui lilipo, waulizeni swali moja: lilisomwa wapi mara ya mwisho? Tangu Juni 2018, Azimio 753 la IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, linayataka mashirika wanachama kufuatilia kila begi katika hatua nne: linapopokelewa, linapopakiwa, linapohamishwa kwenda ndege nyingine na linapofika. Jibu lipo kwenye kompyuta.

Kinachoudhi kuliko yote ni hesabu ya kilo. Baada ya wiki tatu za kuzungushwa inakuja barua pepe: dola 20 kwa kilo, begi la kilo 23, pokea dola 460, saini hapa. Hesabu hiyo ni ya mfumo wa Mkataba wa Warsaw wa 1929, mkataba wa zamani wa fidia za safari za ndege! Tanzania na Kenya zote ni wanachama wa mkataba mpya zaidi, Mkataba wa Montreal wa 1999, na humo mizigo ya abiria haipimwi kwa kilo. Ukomo ni kwa kila abiria: SDR 1,519 tangu tarehe 28 Desemba 2024, takriban dola 2,000 (SDR ni kipimo cha thamani cha IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa). Unalipwa hasara unayoithibitisha, mpaka kufikia hapo. Tiketi ya kwenda na kurudi inayoanzia na kuishia Dar es Salaam au Nairobi inaingia humo, bila kujali ulikwenda nchi gani. Ya kwenda tu inahitaji nchi zote mbili ziwe wanachama. Maandishi madogo ya shirika yanayoshusha kiwango hicho ni batili kwa Kifungu cha 26 cha mkataba huo. Kwa hiyo msisaini karatasi ya "malipo kamili na ya mwisho" kwa dola 460.

Halafu kuna mtego wa siku, na wengi wananasa hapa. Begi likifika limevunjika au limechanwa, malalamiko ya maandishi ni ndani ya siku 7. Likichelewa, ni siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Lisipofika kabisa kwa siku 21, una haki ya kudai kama lililopotea. Kesi mahakamani, miaka 2. PIR peke yake msiihesabu kuwa madai. Andikeni barua pepe tofauti yenye orodha ya vitu na bei, picha ya lebo, na risiti za mswaki, nguo na dawa mlizolazimika kununua mkisubiri. Safari ikiwa ya mashirika mawili, la kwanza, la mwisho na lile lililokuwa na mzigo ulipopotea yote yanadaiwa, kwa hiyo habari za "nenda kwa wenzetu" msizikubali.

Kwenye kaunta, someni herufi tatu za lebo, yaani kiwanja begi linakokwenda, kabla ya kuondoka: DAR (Dar es Salaam), ZNZ (Zanzibar), JRO (Kilimanjaro), NBO (Nairobi). Tiketi mbili tofauti kwa kawaida maana yake begi linaishia kituo cha kati, ukalichukue mwenyewe. Bandueni lebo za zamani, mashine huzisoma. Mifuko ya shangazi kaja na maboksi ya kamba hunasa kwenye mikanda na lebo hukatika. Wekeni karatasi ya jina na simu ndani, juu ya nguo.

Kuhusu ndege kuchelewa: ikiondokea Umoja wa Ulaya, au ikiwa ya shirika la Ulaya kuelekea huko, na mkafika mmechelewa saa 4 au zaidi, fidia ni euro 600 kwa safari ya zaidi ya kilomita 3,500. Saa hizo huhesabiwa mlango wa ndege unapofunguliwa. "Hitilafu ya kiufundi" kwa kawaida si kisingizio. Mahakama ya Ulaya ililisema hilo mwaka 2008.

Mwenye barua ya kukataliwa, au yenye hesabu ya kilo, aibandike hapa chini. Afiche jina, namba ya tiketi na namba ya PIR. Tutaijibu kifungu kwa kifungu.