Shubert wa New York: waliwezaje kumiliki kumbi na kutayarisha michezo kwa pamoja?

Mtaka_Kujua:
Wakuu, habari zenu. Naandaa mada kuhusu kampuni ya Shubert, ile ya kumbi za maigizo. Ninayosoma yanasifia ndugu watatu waliotoka kwenye umaskini, ila biashara yenyewe hayaielezi. Waliuvunjaje umoja wa wenye kumbi waliowatangulia? Na kwa nini baadaye wao wenyewe wakashtakiwa kwa ukiritimba?

PaziaJekundu:
Anza na reli, mkuu. Mwaka 1896 wafanyabiashara sita, vinara wakiwa Abraham Erlanger na Marc Klaw, waliungana kupanga ratiba za kumbi Marekani nzima. Umoja huo uliitwa Syndicate. Haukuhitaji kumiliki kila ukumbi. Kundi la waigizaji likiwa safarini kwa treni kwenda Chicago linalipa nauli na mishahara kila siku, kwa hiyo lazima licheze kwenye miji midogo ya njiani. Ukishika kumbi za miji hiyo, umeshika njia nzima. Kundi lililokaidi lililala siku tatu nne bila onyesho, na hasara hiyo ikameza faida ya mjini. Tena ukichukua ratiba yao, hupandi jukwaa la mtu mwingine.

Sam Shubert, kijana wa Syracuse, alikodi ukumbi wa Herald Square, New York, mwaka 1900, pamoja na kaka yake Lee na mdogo wao Jacob. Sam alifariki kwa ajali ya treni karibu na Harrisburg mwaka 1905. Lee na Jacob wakaendelea na silaha moja: "mlango wazi". Mwenye ukumbi apokee mchezo wowote, mtayarishaji acheze popote. Sarah Bernhardt, mwigizaji maarufu wa Ufaransa, aliposafiri chini yao 1905 hadi 1906 alinyimwa kumbi na Syndicate, akaigiza ndani ya hema huko Texas, na watu wakajaa. Kufikia 1910 wenye kumbi wengi wa miji midogo walishaihama Syndicate.

Mlango ulipokuwa wao, wakaufunga: nao wakawabana watayarishaji kama Syndicate ilivyofanya. Hapo sifa za ushujaa zinapungua kidogo.

KitiChaNyuma:
Naongezea, maana kuna kipande cha katikati. Mdororo wa uchumi uliiangusha kampuni, ikawekwa chini ya mfilisi mwaka 1931. Mwaka 1933 mali zikapigwa mnada, na mnunuzi akawa Lee mwenyewe, kwa dola 400,000, kupitia kampuni mpya. Watu wa soko la hisa walikula hasara, kumbi zikabaki kwa yuleyule.

Kesi ya serikali ya ukiritimba ilifunguliwa 1950, kwa sheria ya Marekani inayogusa biashara ya kuvuka majimbo. Utetezi wao ulitegemea besiboli: mahakama ilishasema mwaka 1922 kwamba mechi si biashara ya kuvuka majimbo, basi na igizo vivyo hivyo. Mahakama ya chini ikakubali. Mahakama Kuu ya Marekani ikakataa Januari 1955: waigizaji, mandhari ya jukwaani na mikataba vinavuka mipaka ya majimbo, kwa hiyo ni biashara. Mwaka 1956 wakakubaliana na serikali kuuza kumbi 12 katika miji sita na kuachana na kazi ya kupanga ratiba. Kumbi nyingi za Broadway, eneo la maigizo la New York, zikabaki mikononi mwao.

Mtaka_Kujua:
Ahsanteni. Sasa mwenye ukumbi anapata nini hasa, na anaweza kumtoa mtayarishaji?

PaziaJekundu:
Anaweza. Kwa kawaida analipwa gharama za kuendesha jengo pamoja na asilimia ya mauzo ya tiketi ya wiki, na anakatiwa kabla wawekezaji wa mchezo hawajarudishiwa hata senti. Juu yake kuna kipengele cha kiwango cha chini cha mauzo. Chukua mfano wa kubuni: mkataba unasema dola 600,000 kwa wiki. Mauzo yakishuka chini ya hapo wiki mbili mfululizo, mwenye ukumbi ana haki ya kutoa notisi.

Ndiyo maana watayarishaji wengine hununua tiketi zao wenyewe wiki ya pili ili kuvuka kiwango. Kwenye mada yako, soma mauzo ya wiki kwa jicho hilo.

Mwenye ukumbi akiwa pia mtayarishaji, anachota mara mbili: kodi kwanza, kisha gawio. Mchezo unaweza kuwatia hasara wawekezaji huku jengo likiingiza fedha kila wiki.

KitiChaNyuma:
Kuhusu umiliki wa leo: ndugu hao walianzisha wakfu mwaka 1945. Lee alifariki 1953, Jacob 1963. Mwaka 1972 wanasheria wao wawili, Gerald Schoenfeld na Bernard Jacobs, walishika usukani, wakarudi kwenye utayarishaji. Kampuni ni mali ya wakfu huo, ina kumbi 17 za Broadway, na wakfu unatoa ruzuku kwa makundi ya maigizo na dansi yasiyo ya kibiashara. Ruzuku zake ni za uendeshaji wa jumla, si za mchezo mmoja mmoja.