Kambale wa chambo wananifia kabla sijafika mwaloni, naombeni ushauri

Mtegaji wa Kome: Wakuu habari za jioni. Natega ndoano za sangara upande wa kisiwa cha Kome, Ziwa Victoria, chambo changu ni vifaranga vya kambale vya urefu wa kidole, nanunua bwawani Sengerema. Safari iliyopita nilibeba 300, kufika mwalo wa Nyakaliro (pale mitumbwi inapotia nanga) wazima ni 110. Wengine matumbo juu, maji yana povu kama ya kufulia. Nataka kununua pampu ya hewa ya betri. Ipi inafaa? Alhamisi nabeba 600.

Nanga Butu: Pampu baadaye. Maji gani? Kama ni ya bomba, klorini inaunguza matamvua. Yaache kwenye beseni wazi saa 24, au beba yaleyale ya bwawani uyachuje kwa kitambaa.

Mtegaji wa Kome: Ya bwawani mkuu. Mimi si mgeni kiasi hicho.

Mama Vizimba: Walikula lini?

Mtegaji wa Kome: Asubuhi ileile. Pumba na dagaa wa kusaga, wapate nguvu ya safari.

Mama Vizimba: Basi povu lako limetoka hapo mwanangu. Acha kuwalisha saa 24 kabla. Kambale aliyeshiba akitikiswa anatapika, na uchafu wote ule unazalisha amonia, ambayo inakuwa kali zaidi maji yakipata joto. Waombe wenye bwawa wakulazie kwenye beseni la maji safi, matumbo yaishie huko. Asubuhi wachambue kwa ukubwa, maana mkubwa anamng'ata mdogo mkia, na chambo asiye na mkia hachezi kwenye ndoano. Kwenye maji ya safari tia chumvi ya mawe gramu 3 kwa lita. Lita 10 ni vijiko vya chai 5 vya kusawazisha.

Kasia Moja: Wamesikia neno sangara wakaamua kutangulia wenyewe 😂

Mzee wa Kanuni: Afadhali wewe unanunua. Wapo wanaokokota furu (samaki wadogo wa ziwani) wa chambo kwa kokoro, wavu wa kuburuta, wanazoa na vifaranga vya sato humohumo. Kokoro ni haramu, na sangara chini ya sentimita 50 ni haramu. Halafu ziwa likikauka samaki mnasema ni mwezi mbaya.

Mtegaji wa Kome: Mzee, mimi nimeuliza pampu.

Nanga Butu: Hata wakifika wazima, angalia unavyowatunga. Pitisha ndoano kwenye nyama ya mgongo, juu ya uti. Ukigusa uti umetega maiti.

Sina Haraka: Wakuu mnapoteza bando, hii ni chai. Kambale anaishi kwenye tope, mvua ikinyesha anatambaa kwenye majani kuhama dimbwi. Leo afie kwenye maji kwa safari ya asubuhi moja? Ama hao ni furu, ama mleta uzi ndoano anaziona kwenye picha.

Kasia Moja: Nami nilijiuliza. Chai ya rangi hiyo, lete maandazi.

Mtegaji wa Kome: Chai kivipi? Nabeba kwa bodaboda, madumu ya mafuta ya kula ya lita 20, kila dumu samaki 150. Najaza hadi shingoni na kukaza kifuniko ili yasicheze njiani wakaumia, na boda asilowe. Kuna ubaya gani?

Sina Haraka: Naondoa neno chai. Umewazamisha, mkuu.

Mama Vizimba: Tangu juzi hukusema kifuniko! Kambale ana kiungo cha ziada juu ya matamvua, kimechanua matawi kama mti, cha kuvutia hewa ya juu. Ndicho kinachomweka hai kwenye tope. Maji yakichoka anapanda, anabugia hewa, anashuka. Wako 150 wamemaliza oksijeni, wamepanda, wamegonga plastiki.

Sina Haraka: Lalisha dumu ubavu, kata dirisha upande wa juu upana wa viganja viwili, shonea wavu wa dagaa kwa waya maana kambale anaruka. Maji lita 10 tu, samaki 70. Yakicheza ndiyo vizuri, yanachanganyika na hewa. Funika gunia lililoloa, ondoka kabla jua halijapanda. Hapo pampu ya nini? Hiyo ni ya wabeba furu, furu hana kiungo hicho.

Mama Vizimba: Ukifika usiwamwage ziwani ghafla. Ongeza maji ya ziwa kikombe kikombe kwa dakika 20, kisha watie kwenye kizimba kidogo cha wavu wa matundu ya milimita 6, chenye mfuniko, mahali pasipopigwa na mawimbi.

Mtegaji wa Kome: Asanteni. Ila advansi ya 600 nimeshatoa na madumu ni manne.

Nanga Butu: Manne mara 70 ni 280. Safari mbili 560, wale 40 waendelee kunenepa bwawani.

Mtegaji wa Kome: Boda anataka hela ya safari mbili. Nikijaza robo tatu, samaki 120, kifuniko nikilegeze kidogo?

Mama Vizimba: Nusu.